Kuku wa Kanyosha na Uzi Unaokatwa na Kisu Chochote

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, mama mmoja kutoka Kanyosha, mtaa wa kusini mwa mji, aliingia katika maabara yetu ya mifugo akiwa na beseni la kufulia lililofunikwa kitenge. Alilitua mezani, akafunua. Ndani mlikuwa na kuku wa mayai, wote wamekufa, vilemba vyao vimegeuka zambarau na vichwa vimevimba kama vilivyoumwa na nyuki. Tulimjua kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Yohana. Alikuwa mjane, na banda lake la kuku ndilo lililowasomesha watoto.

"Dokta iko wapi?" aliniuliza. "Kuku yangu inakufa. Na mi nilibachanja bote."

Vita vilikuwa katika mwaka wake wa mwisho, ingawa hakuna aliyejua bado kuwa ulikuwa wa mwisho. Redio zote zilikuwa zikizungumza juu ya mafua ya ndege yaliyotoka Asia na kukaribia Afrika. Na maneno yale ya mama, kwamba aliwachanja wote, ndiyo yaliyokaribia kuwaua kuku wa mtaa mzima. Ili muelewe kwa nini, ninyi wenzangu vijana ambao leo mnaisubiri mashine iwasomee kirusi kabla chai haijapoa, inabidi nianze nyuma kidogo.

Nimestaafu mwezi uliopita. Mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Vyeo sitavitaja kwa sababu vilikuwa vichache, na mishahara sitaitaja kwa sababu ilikuwa michache kuliko vyeo. Nitaandika juu ya vyombo, kuku, na Dokta Spesi.

Niliajiriwa vita vikiwa vichanga, nioshe vyombo vya kioo. Shule yangu ilikuwa imeishia sekondari, na si mwisho wa sekondari. Siku ya kwanza Dokta Spesi, daktari wa mifugo aliyeongoza chumba cha virusi, alinipa sahani ya plastiki yenye safu za vishimo vidogo, akaniambia niioshe. Niliiosha vizuri sana, kwa sabuni nyingi, nikaikausha juani. Aliipokea, akainusa, akanirudishia.

"Iko sabuni hapa, Fideli. Rudia."

Nikarudia. Akainusa tena.

"Rudia."

Mara ya tatu nilimuuliza, kwa heshima, kama tulikuwa tunapika au tunachunguza.

"Sabuni inapasua damu," alisema. "We ukiacha sabuni, mi nitasoma uongo, na mutu wa kuku atalia bure. Ule anaosha ndiye anaanza kuchunguza. Mi namalizia tu."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba kuosha ni mwanzo wa kuchunguza. Nilikwenda kusuuza kwa maji matupu mpaka vidole vikakunjamana.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha bei ndogo na cha akili nyingi, na hadi leo nakistahi kuliko mashine. Unachukua damu ya kuku, unazisafisha chembe zake nyekundu kwa maji ya chumvi, unazitia katika vishimo vya sahani. Kama hamna kirusi, chembe huzama na kujikusanya chini: unaona kitufe chekundu, duara, safi. Kama kirusi kimo, huzishika chembe na kuziunganisha, zisiweze kuzama. Unaona zulia jepesi la waridi limetanda kishimo kizima. Kitufe au zulia. Unasoma kwa macho yako, kando ya dirisha.

Damu ilitoka kwa jogoo wetu. Tulimfuga uani kwa kazi hiyo pekee, hakuchanjwa chanjo yoyote, na katika miaka yote ambayo majirani walikosa nyama hakuna aliyethubutu kumtazama kwa jicho la njaa. Alikuwa mfanyakazi wa pekee aliyekula kila siku. Alipozeeka tulimweka mwingine, lakini jina lilibaki lile lile: Kolega, yaani mwenzetu kazini.

Mchi tuliosagia viungo vya kuku waliokufa ulikuwa wa kauri. Sentrifuji, mashine ya kutenganisha chembe na maji yake, ilizungushwa kwa mkono, nami nilikuwa mkono wake. Kiangulio cha mayai tuliyokuzia virusi kilipashwa moto kwa taa ya mafuta ya taa. Miaka ya vikwazo, nchi jirani zilipofunga mipaka, mafuta yalikuwa ghali kuliko kuku wenyewe, na Dokta Spesi aliyabeba kutoka kwake katika chupa ya maji ya ndimu. Alinifundisha kwamba joto la kiangulio likitetereka, kifaranga hufa ndani ya yai, nawe utadhani kirusi ndicho kilichomuua. Basi nilijifunza kuupunguza utambi wa taa kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto.

Kesi iliyonifungua macho ilitokea Cibitoke, upande wa kaskazini wa mji. Katika karakana ya seremala kuku wote walikufa ndani ya juma moja, shingo zimepinda. Ng'ambo ya barabara, kuku wa fundi wa baiskeli walipiga chafya tu, wakapona. Tulipopima, pande zote mbili tulipata kirusi kilekile kwa jina: Newcastle, ile ambayo wafugaji wetu huiita kideri. Nilimuuliza Dokta Spesi inakuwaje kirusi chenye jina moja kiue upande huu na kule kipige chafya.

Hakucheka. Alikwenda stoo, akaleta gunia la pumba lililoshonwa mdomo.

"Kirusi kinafika kwenye chembe ya kuku kikiwa kimefungwa, kama hili gunia," alisema. "Kwa nje kina protini. Ile protini lazima ikatwe mahali pamoja, vipande viwili. Isipokatwa, kirusi akiwezi ingia. Kinabaki mulangoni."

"Nani anaikata?"

"Kuku mwenyewe. Mwili wake una vimeng'enya, niite visu. Kirusi kipole kimeshonwa uzi ngumu. Kisu ya kuikata iko mu koo na mu matumbo tu. Kwa hiyo ugonjwa unabaki pale: chafya, kuhara, basi. Kile kikali kimeshonwa uzi ambao kisu chochote ya nyumba yoyote inakata. Kikifika kwa ini, kisu kiko. Kwa moyo, kiko. Kwa ubongo, kiko."

"Na tofauti ya nyuzi ni kubwa?"

"Herufi tatu, ine. Mu protini nzima."

Nilibaki nimelishika lile gunia. Protini ile imejengwa kwa mamia ya asidi amino, ndizo herufi zake, zilizopangwa mstari mmoja, na tofauti kati ya chafya na kifo ni chache tu kati yake, pale kwenye mshono. Nimeishi katika nchi ambamo watu walihitaji silaha nyingi sana kuuana. Ufupi wa kazi ile ulinitisha, na lazima niseme kweli, nilivutiwa nao.

Tangu siku hiyo nilianza kusoma. Katika kabati la maabara kulikuwa na majarida ya zamani ya Kifaransa ambayo hakuna aliyeyagusa ila panya. Saa ya chakula cha mchana, wakati wenzangu walikwenda kutafuta maharage, mimi nilibaki na kamusi. Nilijifunza kwamba mafua ya ndege yanatumia hila ileile, ingawa ni kirusi cha ukoo mwingine kabisa. Nacho kina protini ya nje inayopaswa kukatwa. Aina pole ina herufi moja tu ya arginini pale kwenye mshono. Aina kali ina arginini na lisini zimepangwa foleni, na kimeng'enya cha kuzikata kinapatikana karibu katika kila kiungo. Zaidi ya hapo, aina pole ikiingia katika banda lenye kuku wengi, ikarukaruka kutoka kwa huyu hadi kwa yule, inaweza kukosea inapojinakili, ikaongeza herufi hizo yenyewe. Iliingia pole, inatoka kali.

Nilimweleza Dokta Spesi nilichosoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha sehemu mbili, kisha akaniambia kuanzia kesho nisioshe tu, nisome sahani pamoja naye.

Sasa narudi kwenye beseni la Mama Yohana.

Newcastle kali na mafua makali ya ndege, kwa sababu virusi vyote viwili vinakatwa na kisu chochote, huua kwa namna inayofanana. Vilemba vya zambarau, vichwa vimevimba, damu kwenye matumbo. Ukimpasua kuku huwezi kuapa ni kipi kilichomuua. Jumatatu hiyohiyo mchana alifika mkaguzi kutoka wizarani, mtu mpole mwenye miwani, koti limekunjwa mkononi. Alikuwa amelala kidogo siku zile na ilionekana.

"Docteri," alisema, "mama anasema alichanja kuku yote kwa Newcastle. Ni kweli?"

"Ni kweli. Chupa ya chanjo ameleta. Haijapita siku zake."

"Bon. Kuku aliyechanjwa hafi na Newcastle. Hawa wanakufa. Basi si Newcastle." Aliweka koti kitini. "Niko na amri mu mufuko. Kuku yote ya Kanyosha hapa chini na ya Kibenga yote, ng'ambo ya barabara, kuuwa na kuchoma. Fidia hakuna, munajua hali ya hazina. Lakini mafua haya yanaingia mpaka kwa batu. Mi sitaki nikumbukwe kama ule alingoja."

Hoja yake ilikuwa nzuri, na sikuona tobo ndani yake. Mama Yohana alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote.

"Mutauwa ya majirani nayo?" aliuliza. "Juu ya kuku yangu?"

Alikaa kwenye benchi la nje, kitenge mapajani. Majirani wale walikuwa wamemkopesha pumba wakati wa mapigano ya milimani, barabara ilipofungwa. Nilimwelewa: kama kuku wao wangechomwa kwa sababu ya beseni lake, asingeweza kuishi tena mtaa ule.

Dokta Spesi aliomba muda hadi Alhamisi. Mkaguzi alikubali, akasema Alhamisi mchana, na mpaka hapo hakuna kuku kuvuka barabara.

Tulifunga mlango wa chumba cha virusi. Tuliingia wawili tu, tukavaa makoti mawili mawili, na vitambaa vya pua ambavyo tulivichemsha kila jioni. Tulisaga vipande vya ubongo na wengu, tukadunga maji yake ndani ya mayai yenye vifaranga vinavyokua. Mayai hayo lazima yatoke kwa kuku wasiochanjwa, maana kuku aliyechanjwa huweka kinga ndani ya kiini. Jumatano asubuhi vifaranga vyote vilikuwa vimekufa. Tuliyachukua maji ya mayai, tukayatia kwenye sahani pamoja na damu ya Kolega. Zulia la waridi lilitanda kutoka mwanzo wa safu hadi karibu na mwisho.

Kirusi kilikuwamo, na kingi. Lakini virusi vyote viwili hutandika zulia. Ili kujua ni kipi, unatia kwanza maji ya damu yenye kinga dhidi ya Newcastle. Kama ni Newcastle, kinga itakishika, na kitufe kitarudi. Kama ni mafua, kinga haitakitambua, zulia litabaki.

Kinga ya kupimia tuliyokuwa tumeletewa kutoka nje ilikuwa kwenye frigo. Nguzo za umeme zilikuwa zimeangushwa tena milimani, na frigo ilikuwa na joto la chumba tangu juma lililopita. Dokta Spesi alifungua chupa. Maji yalikuwa na ukungu, yananuka.

Sijawahi kuona mtu akifikiri kwa utulivu kama ule. Aliirudisha chupa, akafunga frigo, akasema: "Kinga iko Kibenga. Inatembea kwa miguu mbili."

Mzee Seif alikuwa mfanyabiashara wa ukoo wa Kiomani, babu yake alifungua duka mjini. Alifuga kuku wa mayai huko Kibenga, karibu na ziwa, na aliwachanja kwa makini kuliko mtu yeyote tuliyemjua. Kuku wake walikuwa wazima, na walikuwa ndani ya amri ya kuchomwa. Tulimkuta akihesabu trei.

"Docteri, umekuja kuua ao kununua?"

"Kuomba damu, mzee. Kidogo, kwa mushipa wa bawa."

"Ya kuku ao yangu? Yangu iko na sukari." Alimkamata kuku mwenyewe, akamlaza chali magotini kwa mkono wa mtu aliyefanya hivyo maisha yote. "Chukua. Lakini akizimia muniambie haraka. Kama ni kufa, afe na Bismillahi, nimule. Kwenye moto wa serikali hakuna Bismillahi."

Tulichukua damu ya kuku wake kadhaa. Kwa ulinganifu tulichukua pia ya Kolega, ambaye hakuwa na kinga yoyote. Tuliziacha zigande, tukavuna maji yake, na Alhamisi asubuhi nilipanga sahani. Dokta Spesi aliniachia mimi, akakaa nyuma yangu. Mkaguzi alikuja kabla ya saa aliyosema, akasimama kando ya dirisha. Mama Yohana alikuwa benchini. Unapotikisa sahani mara ya mwisho, hakuna la kufanya ila kuiacha. Chembe huzama kwa hiari yake.

Safu ya Kolega ilitandika zulia kuanzia kishimo cha kwanza. Kishimo cha kwanza cha safu ya kuku wa Mzee Seif kilianza kuwa na weusi kidogo katikati, ukakusanyika, ukawa duara. Kisha cha pili. Kisha safu nzima: vitufe vyekundu, safi, kama vya shati la mtoto.

"Soma," alisema Dokta Spesi.

"Newcastle," nilisema.

Mkaguzi aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Naona," alisema. "Naamini macho yangu. Lakini munieleze kitu kimoja. Alichanja. Kwa nini wanakufa? Mukishindwa kunijibu, nitabaki na mashaka, na kwa mashaka nitachoma."

Dokta Spesi alivua koti. "Twende tukaone maji," alisema.

Chanjo ile ni kirusi hai, kilichofanywa kipole, kilichokaushwa. Kuku huinywa katika maji. Tulikwenda wote wanne kwa gari la mkaguzi, tukasimamishwa mara mbili na wanajeshi, na mara ya pili mmoja wao, aliposikia safari ni ya kuku, aliuliza kama tunawapeleka hospitali. Mkaguzi alimjibu kwamba ndiyo.

Banda la Mama Yohana lilikuwa safi kuliko ofisi nyingi nilizozijua. Ndoo za maji zilikuwa na vifuniko. Dokta Spesi alimwomba aonyeshe jinsi alivyochanja, hatua kwa hatua, kama vile tunaanza leo.

"Mi nateka maji," alisema mama. "Naweka kidonge. Nangoja. Alafu naweka chanjo, nakoroga, napatia kuku."

"Kidonge gani, mama?"

Alikwenda ndani, akarudi na pakiti. Ilikuwa klorini. Mwaka ule kipindupindu kilikuwa kimepanda kutoka ziwani, na watu wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakigawa vidonge, wakisisitiza: maji yote, kila siku.

"Bo balisema maji yote," alisema. "Maji ya kuku yangu ni safi kupita ya batu."

Mkaguzi aliichukua ndoo, akaiinua hadi puani, akanusa. Akampa Dokta Spesi, naye akanusa, akanipa mimi. Klorini huua kipindupindu. Huua pia chanjo hai, kwa dakika chache. Mama Yohana alikuwa amewanywesha kuku wake maji safi yenye maiti za kirusi, kwa sababu alitii kila alichoambiwa na kila aliyempa ushauri.

"Kosa yangu?" aliuliza taratibu.

"Apana, mama," alisema Dokta Spesi. "Sisi tulikupa chanjo, bale balikupa kidonge. Hakuna aliyeuliza mwenzake. Kosa ni yetu sote, we tu ndiye ulifanya kazi."

Mkaguzi alitoa amri mfukoni, akaikunja mara mbili zaidi kuliko ilivyokuwa imekunjwa, akairudisha. Aliuliza tunahitaji nini. Dokta Spesi alisema chanjo mpya kwa mtaa mzima, kesho, na maziwa ya unga. Maziwa, mnajua au hamjui, hufunga klorini katika maji, chanjo ikapona. Ijumaa tulipita nyumba kwa nyumba, kijiko kimoja katika ndoo kabla ya chanjo, na jirani mmoja alimfokea Mama Yohana kwa kicheko: "We mama, watoto banakunywa chai nyeusi, kuku yako banakunywa maziwa?" Akajibu: "Basi watoto nao batage mayai, tutaona."

Ugonjwa ulimalizika bila kuvuka barabara ya Kibenga. Sampuli tuliyoipeleka ng'ambo ilijibiwa miezi kadhaa baadaye. Walikuwa wamesoma mshono wenyewe, na Dokta Spesi alinisomea kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma majina ya wageni: arginini, arginini, glutamini, lisini, arginini, na baada ya mkato, fenilalanini. Uzi wa kisu chochote, kwa herufi zake. Nilimwomba anisomee tena.

Siku hiyo mkaguzi alikuja kufunga faili. Wizara ilitaka kujua amri ile, kama ingetekelezwa, ingegharimu nini. Tulihesabu kuku wote wa eneo lile, Dokta Spesi akazidisha kwa bei ya soko, faranga elfu nne kwa kuku, akaandika jumla ubaoni: milioni nne, laki nane na elfu arobaini. Mkaguzi alinakili, safari hii akionekana kama mtu aliyepata usingizi.

Mama Yohana aliingia wakati huo na trei ya mayai, akaitazama ile tarakimu.

"Ile yote ni ya nini?"

Nilimweleza.

"Mi sina mulioni," alisema. "Mi nilibaki na kuku salasini na moja. Ile ndiyo inanilipia shule."

Dokta Spesi alichukua kitambaa, akaifuta jumla ya wizara mpaka ubao ukawa mweusi tena. Kisha akachukua chaki, akazidisha kwa sauti ili mama afuate, thelathini na moja mara elfu nne, akaandika kwa tarakimu kubwa, katikati, kile ambacho amri ingemgharimu mama mwenyewe: faranga laki moja na elfu ishirini na nne.